Mwongozo Kamili wa Kuandaa Msafara wa Krampus Katika Mji wa Kisasa

Jioni ya tarehe 5 Desemba, katika mabonde ya Austria, kusini mwa Bavaria (jimbo la Ujerumani), kaskazini kabisa mwa Italia na sehemu za Slovenia, hutembea viumbe wenye pembe, manyoya na kengele kubwa kiunoni, wakiongozwa na mzee aliyevaa joho la kiaskofu. Mzee huyo ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 6. Viumbe hao huitwa Krampus, na kazi yao ni kuwatisha watukutu huku askofu akiwatunza waliotulia. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi desturi hiyo imevuka milima na bahari: Philadelphia ilianza mwaka 2011, Los Angeles ikafuata mwaka 2013, na hata mji wa pwani wa Whitby nchini Uingereza una msafara wake.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa kamati au kikundi kinachotaka kufanya vivyo hivyo katika mji wake. Tofauti yake na maelekezo mengi ya aina hii ni kwamba mavazi hayatangulii. Waandaaji wengi huanza kwa kununua vinyago, kisha hutafuta watu wa kuvivaa, na mwisho kabisa hukumbuka kwamba kuna kanuni. Kwenye Milima ya Alpi, desturi hii ilikotoka, mpangilio huo umegeuzwa: kanuni hutangulia, watu hufuata, na kinyago huja mwisho. Mji unaoleta vinyago bila kanuni huwa umeleta vurugu iliyovaa manyoya.

Hatua ya 1: Chagua bonde moja na ulisome vizuri

Hakuna msafara mmoja wa Milima ya Alpi. Kuna mamia, na hutofautiana kuanzia tarehe hadi kitambaa. Katika bonde la Gastein, mkoani Salzburg, kikundi kimoja huitwa Pass. Ndani yake yumo Nikolao, yumo malaika, yumo mbeba kapu anayechukua zawadi, na wamo Krampus wachache tu. Hawa hawatembei mbele ya umati uliosimama nyuma ya uzio, bali huenda nyumba kwa nyumba jioni za tarehe 5 na 6 Desemba. Nikolao huingia, huzungumza na watoto, husikiliza shairi au sala, na kapu hufunguliwa. Krampus hungoja amri yake na hutoka anapowaambia watoke. Vikundi viwili vikikutana njiani, Krampus wa pande zote mbili husukumana kwa mabega kwa utaratibu unaojulikana na wote, kisha kila kikundi huendelea na safari yake.

Matrei, katika Tirol ya Mashariki nchini Austria, mambo ni makali zaidi: viumbe wa huko huitwa Klaubauf, na sehemu ya desturi ni kupambana na wenyeji ili kuiburuta meza na kuitoa nje ya chumba. Katika eneo la Berchtesgaden, Bavaria, baadhi ya wahusika hufungwa majani makavu ya nafaka mwili mzima na huitwa Buttnmandl. Wapo pia Perchten, ambao mara nyingi huchanganywa na Krampus ingawa msimu wao ni mwingine: wao ni wa usiku kumi na mbili kati ya Krismasi na tarehe 6 Januari, hawafungamani na Nikolao, na wamegawanyika katika wazuri na wabaya wa sura. Katika wilaya ya Pongau, mkoani Salzburg, msafara mkubwa wa Perchten huzunguka kwa zamu kati ya Altenmarkt, Bad Gastein, Bischofshofen na St. Johann, hivyo kila mji husubiri miaka minne.

Chagua mojawapo na ubaki nayo. Msafara unaochukua Krampus wa Salzburg, majani ya Berchtesgaden na mapambo ya Perchten, kisha ukafanyika wiki moja kabla ya Krismasi, hauwezi kueleza kwa nini kitu chochote ndani yake kimefanywa kama kilivyofanywa, na watazamaji hulihisi hilo hata kama hawana maneno ya kulisema. Andikieni kikundi cha bonde mlilolichagua, waelezeni nia yenu, na ombeni ushauri kabla ya kuomba vifaa. Ikiwezekana, watu wawili au watatu waende wakatazame mwezi Desemba mmoja kabla ya mwaka wenu wa kwanza.

Hatua ya 2: Amueni umbo litakaloufaa mji wenu

Miji mikubwa ya Alpi yenyewe imekwisha kukabiliana na swali hili. Graz na Klagenfurt hufanya misafara mikubwa katikati ya mji, na watazamaji hukaa nyuma ya vizuizi. Munich huwapitisha Krampus katikati ya soko la Krismasi kuzunguka uwanja wa Marienplatz, mchana ukielekea jioni, mahali ambapo wanunuzi na viumbe hugusana mabega. Philadelphia ilichagua njia ya tatu: msafara wa mtaa mmoja unaoanzia kwenye bustani ya wakazi iitwayo Liberty Lands, mavazi yakiwa yametengenezwa kwa mikono nyumbani. Baada ya miaka michache waandaaji waliubadilisha jina ukawa msafara wa mizimu ya kila namna, kwa kuwa washiriki walikuwa wameleta viumbe kutoka mapokeo mengi. Huo ulikuwa uamuzi wa kiungwana, kwa sababu jina lilifuata ukweli wa jambo lililokuwa likitendeka.

Kwa mwaka wa kwanza ninapendekeza umbo dogo kabisa: vikundi viwili au vitatu vya mfano wa Gastein, kila kimoja na Nikolao wake, vikitembelea maeneo yaliyokubaliwa mapema kama vile mikahawa, ua wa kanisa, ukumbi wa mtaa na kituo cha wazee, kisha vikutane kwenye uwanja mmoja. Umbo hili lina faida tatu: halihitaji kufunga barabara ndefu, linahifadhi mazungumzo kati ya Nikolao na watu, ambayo ndiyo moyo wa desturi yenyewe, na linawapa wavaaji mahali pa kupumzika.

Hatua ya 3: Mpate Nikolao kwanza, ndipo muwatafute Krampus

Vijana wa kuvaa pembe hawatakosekana. Atakayewasumbua kumpata ni Nikolao, na kamati nyingi humpa nafasi hiyo yeyote aliyebaki. Hilo ni kosa, kwa sababu Nikolao ndiye anayeshika breki. Awe mtu mzima mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti, anayeweza kuzungumza na mtoto anayelia bila kumfedhehesha, na ambaye wavaaji watamtii hata wakiwa wamelewa kelele za umati. Mpeni fimbo ya kiaskofu na ishara mbili tu zilizokubaliwa: akiigonga chini mara moja, Krampus wote hurudi nyuma; akiinyanyua na kuishikilia juu, wote hupiga goti na kunyamaza, kengele zisisikike. Ishara hizi zifanyiwe mazoezi hadi ziwe desturi ya mwili, kwa kuwa ndani ya kinyago mtu hasikii vizuri na huona kidogo sana.

Masharti ya wavaaji yaandikwe na kutiwa sahihi. Kileo ni marufuku kabla ya msafara na wakati wa msafara. Katika baadhi ya maeneo ya Austria kila Krampus hubeba namba inayoonekana ili atakayevuka mipaka atambuliwe. Ichukueni kanuni hiyo kama ilivyo. Fito za matawi zinazobebwa mkononi ni za kupiga ardhi, kupiga ukuta na, kwa aliyekubali, kugusa mguu chini ya goti upande wa nyuma. Hakuna kupiga usoni, mikononi wala kiunoni, na hakuna kumshika mtu nguo au kofia. Mtazamaji hana ruhusa ya kuvuta pembe, na jambo hilo litangazwe mapema, kwa maana kinyago kikivutwa ghafla shingo ya mvaaji huumia. Umri wa chini wa mvaaji uwe miaka 18, isipokuwa mmeunda kikundi cha watoto chenye mchana wao. Zamani kazi hii ilikuwa ya vijana wa kiume wasiooa. Leo vikundi vingi vina wanawake, na hakuna sababu ya mji wa kisasa kuwa mkali kuliko milima.

Kwa kila Krampus watatu awepo msindikizaji mmoja asiyevaa kinyago, mwenye fulana inayong'aa, maji na tochi. Hesabu hiyo isipunguzwe hata kama watu ni wachache, punguzeni Krampus.

Hatua ya 4: Vinyago na mavazi

Kinyago cha jadi huchongwa kwa mbao laini na nyepesi, hasa msonobari wa milimani uitwao Zirbe au mti wa Linde, kisha hupakwa rangi na kutiwa pembe, mara nyingi za mbuzi au kondoo. Kwa msomaji wa Mtwara au Cabo Delgado anayejua mapiko, yaani vinyago vya ngoma vya Wamakonde, nusu ya maelezo imeshatolewa: kinyago ni kofia inayomeza kichwa kizima, kina mwenyewe na kina masharti, na anayekivaa huacha jina lake nje.

Wachongaji wazuri huwa na oda nyingi, kwa hiyo maombi yapelekwe mwanzoni mwa mwaka. Kinyago kimoja cha mbao hugharimu mamia ya yuro, na vazi zima la ngozi na kengele huzidisha gharama hiyo mara mbili au zaidi. Kikundi chenye fedha kidogo kisione aibu kutengeneza vinyago vya karatasi iliyolowekwa kwa gundi ya unga na kubandikwa tabaka kwa tabaka juu ya fremu ya waya. Kikitengenezwa vizuri, kinyago cha karatasi ni chepesi, kinaweza kurekebishwa, na kina sura ya mkono wa mtu. Ninavipinga zaidi vinyago vya mpira vya madukani vyenye macho ya taa za umeme. Milimani kwenyewe kuna ubishi mkubwa juu ya taa hizo na juu ya muziki wa magitaa unaopigwa kwa vipaza sauti, na wanaovipinga wana hoja: kiumbe wa sinema hutazamwa, ilhali Krampus anapaswa kuogopwa kwa sababu yuko karibu nawe na hujui ni nani.

Uzito upimwe kabla ya kununua. Kinyago chenye pembe halisi huweza kufikia kilo kadhaa, na pembe ndefu zilizoinamia nyuma huvuta kichwa chote. Ndani kuwe na mto wa sponji na mikanda miwili, mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma ya kichwa, na mvaaji akae nacho saa nzima nyumbani, akipanda na kushuka ngazi, kabla ya kuruhusiwa kutembea nacho barabarani. Matundu ya macho ni madogo, na pumzi hutengeneza ukungu. Tundu la mdomo libaki wazi. Anayeagiza pembe au ngozi kutoka nchi nyingine aulize forodha mapema, hasa zikiwa za wanyamapori, kwa kuwa nyaraka zikikosekana mzigo hubaki mpakani mpaka msimu upite.

Kengele ndizo zinazoleta habari kwamba kiumbe anakuja kabla hajaonekana. Zipo za ng'ombe, nzito na zenye sauti ya chini, zinazofungwa kwenye mkanda mpana wa ngozi juu ya nyonga, na zipo njuga za mviringo zinazopangwa kwa safu. Mkanda ukilegea kengele hugonga mfupa wa mgongo usiku kucha, na kesho yake mvaaji hainuki. Minyororo iwe mepesi na ifungwe mwilini. Mnyororo unaoburutwa ardhini utakanyagwa na mtu, na utakwama kwenye reli za tramu.

Hatua ya 5: Vibali, bima na moto

Anzeni na ofisi ya mji miezi minane au tisa kabla. Ulizeni kwanza sheria inasemaje juu ya kufunika uso hadharani. Austria, kwa mfano, ina sheria ya kukataza kufunika uso tangu Oktoba 2017, lakini imeacha nafasi kwa desturi za kienyeji. Nchini Ujerumani maandamano ya kisiasa yana katazo lake. Jinsi msafara wenu unavyosajiliwa, kama mkutano wa hadhara au kama tukio la utamaduni, huamua mengi, hivyo jina lililo kwenye fomu lisiandikwe kiholela.

Tangu shambulio la lori kwenye soko la Krismasi la Breitscheidplatz mjini Berlin, Desemba 2016, na lile la gari mjini Magdeburg, Desemba 2024, miji mingi ya Ulaya hudai vizuizi vya magari kila mahali umati unapokusanyika. Vizuizi hivyo ni ghali na huweza kula sehemu kubwa ya bajeti. Ndiyo maana njia fupi, iliyo ndani ya eneo lisilopitiwa na magari, ni akiba kubwa kuliko mchango wowote wa mfadhili. Bima ya dhima kwa watu wengine ni lazima, nayo itaje wazi kwamba washiriki watakuwa na fito na watakaribia watazamaji. Bima inayozungumzia gwaride kwa ujumla huweza isikufae siku ya dai.

Kuhusu moto, shikilieni msimamo. Ngozi ya kondoo huungua polepole, lakini manyoya ya bandia huyeyuka na kushikamana na mwili. Mienge, fataki na moshi wa rangi huvutia wapiga picha, nami ningeviacha vyote mwaka wa kwanza. Mkiamua kuwa na moto, ubebwe na watu wasiovaa manyoya, watembee mbele ya msafara kwa nafasi ya wazi, na vizimamoto viwe mkononi mwa wasindikizaji, si ndani ya gari lililoegeshwa mtaa wa pili.

Hatua ya 6: Njia na saa

Giza linalohitajika huja mapema. Munich, mwanzoni mwa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. London huzama kabla ya saa kumi. Mkianza jua linapozama mtapata sura yote ya usiku huku watoto wakiwa bado macho na walevi wakiwa bado hawajatoka. Nusu kilomita inatosha. Chagueni mitaa myembamba yenye kuta zinazorudisha sauti, iteremke kidogo badala ya kupanda, isiwe na ngazi, na iwe na uchochoro pembeni kila mita mia moja ambapo mtu aliyeogopa au mvaaji aliyechoka anaweza kutoka. Tembeeni njia hiyo usiku, mkiwa na kinyago kimoja, kabla ya kuiwasilisha polisi.

Hatua ya 7: Utayarisheni mji

Kijijini kila mtu anajua ni tarehe gani, na asiyetaka hubaki ndani. Mjini mtu hushuka kwenye basi akitokea kazini na kukutana na shetani mwenye kiboko. Hofu katika desturi hii ni tamu kwa sababu mtu ameiendea mwenyewe. Anayelazimishwa kuipokea ameonewa tu. Kwa hiyo matangazo ni sehemu ya msafara, si kazi ya pembeni. Yabandikwe kwenye vituo vya usafiri na milango ya majengo wiki mbili kabla, yakiwa na picha, saa, ramani na njia mbadala. Yaandikwe pia kwa lugha za wakazi. Katika miji ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini iliyopokea wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, tangazo la Kiswahili si mapambo: miongoni mwa wasomaji wake wamo watu waliowahi kukimbizwa na wanaume wenye silaha usiku, na wana haki ya kujua kabla ya kelele za minyororo kusikika chini ya dirisha. Viongozi wa jumuiya hizo waalikwe wakavione vinyago mchana, vikiwa mezani.

Zungumzeni pia na makanisa. Wapo watakaouliza kwa nini mashetani yapite mbele ya madhabahu, na swali lao si geni: desturi hizi zimekatazwa mara kadhaa na wakuu wa dini na wa serikali huko huko zilikozaliwa. Jibu bora ni kuwaonyesha Nikolao akiwa kiongozi na Krampus wakiwa chini ya amri yake. Atakayebaki na pingamizi aheshimiwe, na njia isipite mlangoni pake. Kuhusu kupaka nyuso masizi au rangi nyeusi, jambo linaloonekana katika baadhi ya vijiji, msilipeleke mjini. Kinyago kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ngozi ya jirani haipaswi kuwa vazi la kutisha.

Andaeni utepe wa rangi mbili mlangoni mwa njia. Mwekundu mkononi humwambia Krampus amkaribie aliyeuvaa. Mweupe humwambia ampite bila kumkaribia. Asiye na utepe achukuliwe kuwa amevaa mweupe. Wenye mbwa washauriwe kwa msisitizo kuwaacha nyumbani.

Hatua ya 8: Jioni yenyewe

Wavaaji wafike muda wa saa tatu kabla ya msafara kuanza, wale, wanywe maji, na namba zikaguliwe pamoja na mikanda. Mpangilio unaofaa ni huu: msindikizaji mwenye kengele ndogo, Nikolao na malaika, mbeba kapu, kisha Krampus kwa makundi ya watatu au wanne yenye nafasi ya hatua ishirini kati yao. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayotisha, kwa maana mtazamaji husikia kundi linalofuata kabla ya kuliona. Msafara ukisongamana hugeuka foleni.

Nikolao asimame kila mita hamsini, azungumze na watu na agawe tufaha, karanga na machungwa madogo, ambazo ndizo zawadi za jadi. Kila baada ya dakika ishirini wavaaji waingie uchochoroni, wavue vinyago mahali pasipoonekana, wanywe maji na wakaguliwe. Hata penye baridi kali mwili ulio ndani ya ngozi za kondoo hutokwa jasho jingi, na dalili za kuzidiwa na joto hazionekani kupitia uso wa mbao. Mkutano wa mwisho uwanjani uwe mfupi: vikundi vigongane mabega, Nikolao anyanyue fimbo, goti lipigwe, na kimya kiwe kamili kwa muda mfupi kabla hajawaruhusu kuondoka. Baada ya hapo Krampus mmoja au wawili wavue vinyago mbele ya watoto, kama wazazi wao wataka.

Hatua ya 9: Baada ya msafara

Ngozi zitundikwe siku hiyo hiyo mahali penye hewa, mbali na moto na kipasha joto, kwa sababu ngozi iliyokauka haraka hupasuka. Zikishakauka zipigwe brashi na zifungwe pamoja na kinga ya nondo. Kengele zifutwe kwa mafuta. Vinyago vya mbao vipumzike juu ya kigingi, visilalie pembe.

Malalamiko yapokewe kwa anwani moja iliyotangazwa mapema, na kila lalamiko lenye namba ya mvaaji lijibiwe ndani ya wiki moja. Aliyempiga mtu juu ya goti asivae tena mwaka unaofuata, hata kama ndiye mwenye kinyago kizuri kuliko vyote na hata kama alikilipia mwenyewe. Kisha, kabla Januari haijaisha, pelekeeni kikundi cha bonde mlilolifuata picha na maelezo ya yale mliyobadilisha, na waulizeni wao wangebadilisha nini. Oda za vinyago vya mwaka unaofuata hufungwa mapema, na majibu yao yatawafikia kabla hamjalipa.